Kamera Inapoanza Kurudi

Katika kipimo cha kolonoskopi, kazi yenyewe huanza pale kamera inapogeuza safari. Daktari akishaifikisha mwanzo wa utumbo mpana, huivuta taratibu huku akikagua kuta kwenye skrini. Kuta hizo zina mikunjo kama pazia, na nyuma ya mkunjo hujificha kinyama kidogo ambacho, miaka ikipita, chaweza kugeuka saratani. Akivuta kwa pupa, kinampita.

Dawa ya pupa hiyo haikuwa siri wala ghali: kutumia angalau dakika 6 kuitoa kamera, kumchoma mgonjwa sindano ya Buscopan ili utumbo utulie, kumlaza chali wakati wa kukagua sehemu ya utumbo inayokatiza tumbo, kisha, karibu na njia ya haja kubwa, kuipinda kamera itazame ilikotoka. Lakini kujua si kutenda. Foleni ikiwa ndefu, nani atasimama kumgeuza mgonjwa?

Mradi wa QIC, wa kuboresha kipimo hiki, ulilibeba swali hilo hadi hospitali 12 za kaskazini mwa Uingereza. Haukuleta mashine. Kila hospitali ilipata daktari na muuguzi wa kuusimamia, na wahusika wakapewa mafunzo. Matumizi ya Buscopan yakapanda kutoka takriban mgonjwa 1 kati ya 6 hadi karibu nusu, na wagonjwa waliokutwa na vinyama vya hatari wakaongezeka kutoka asilimia 16 hadi 18.

Asilimia mbili hizo si haba. Utafiti wa California wa 2014, uliopitia vipimo zaidi ya 300,000, ulionyesha kwamba kila daktari anapopanda kwa asilimia 1 katika kuvigundua, hatari ya saratani kuibuka baadaye kwa wagonjwa wake hupungua kwa asilimia 3.

Ila "karibu nusu" ina upande wa pili: wengi bado hawakuchomwa sindano. Labda ndiyo maana Endocuff Vision, kipete cha plastiki chenye vidole laini vya kutandaza mikunjo, kilipokelewa vizuri. Katika majaribio ya watu 1,772 nchini Uingereza, ugunduzi ulitoka asilimia 36.2 hadi 40.9. Huvishwa kamera kabla ya kuanza. Hakimngoji daktari akumbuke.

Hata hivyo hakitazami saa wala hakimgeuzi mgonjwa. Macho ya daktari yako kwenye skrini; aliye huru kuiona saa ni muuguzi kando ya kitanda, iwapo mradi umempa ruhusa ya kusema, "Daktari, tumgeuze kwanza."