Hachibeki ya Kazini na ya Uwanjani: Mkazi wa Likoni Anunue Ipi?

Tangu Safari Rally irejee katika mashindano ya dunia mwaka 2021 hadi mwaka 2025, kila mshindi wake alikuwa nyuma ya usukani wa Toyota Yaris. Sébastien Ogier alitwaa ushindi 2021 na 2023, Kalle Rovanperä 2022 na 2024, na Elfyn Evans 2025. Zamani zaidi, Lancia Delta ilishinda Safari mwaka 1988, 1989 na 1991. Magari hayo yote ni ya ukoo mmoja: hachibeki, gari fupi ambalo mlango wake wa nyuma huinuka pamoja na kioo. Na Yaris si mgeni Mombasa. Tunaijua kwa jina ililouziwa Japani kwa miaka mingi, Vitz.

Gari la Ogier na Vitz ya teksi pale Bamburi haviwezi kulinganishwa, hilo halina ubishi. Lakini kuna kundi la hachibeki linalosimama katikati ya hizo mbili: gari la kukupeleka kazini Jumatatu, kukubebea unga na mitungi ya gesi Jumatano, na kukuingiza uwanjani Jumapili kupimana na saa. Volkswagen ilipoanza kuuza Golf GTI mwaka 1976, ikiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 110, ilitarajia kuuza 5,000 tu. Wateja walimiminika kupita hesabu hiyo mara nyingi, na karibu kila kampuni kubwa ikafuata.

Leo vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanatamani gari la aina hiyo, na bandari inayopokea magari ya mitumba ya nchi nzima iko hapa hapa kwetu. Swali ni moja: ukiwa na fedha za gari moja tu, ununue lipi? Jibu langu linaanza na barabara, linakuja kwenye ushuru, uzito na spea, na nguvu za injini ni za mwisho.

Barabara zetu ndizo hakimu wa kwanza

Mkazi wa Likoni anayefanya kazi kisiwani anaishi kwa feri. Mteremko wa kuingilia feri hubadilika na maji: yakipwa, gari hushuka kwa pembe kali zaidi, na bampa ya mbele iliyo chini hukwaruzwa. Barabara ya Dongo Kundu, inayopita Mwache na Mteza hadi Miritini, imempa njia ya pili iliyonyooka. Hata hivyo, akitoka lami kuu kuelekea Mtongwe au Shika Adabu anarudi kwenye mashimo na matuta. Wa Changamwe anabanana na malori ya makontena kuanzia mzunguko wa Changamwe hadi Mikindani na Jomvu. Wa Kisauni ana foleni ya daraja la Nyali asubuhi na matuta ya Mtopanga, Kiembeni na Mishomoroni jioni.

Katika mazingira hayo, gari lililoshushwa springi ni hasara ya kila siku. Suzuki Swift Sport ya kizazi cha ZC33S, kama ilivyotoka kiwandani, ina nafasi ya milimita 120 tu kati ya tumbo lake na ardhi. Ukiikata springi umeiharibu. Rimu za inchi 17 zenye tairi nyembamba ubavuni hupendeza, lakini shimo moja lililojaa maji ya masika linatosha kupasua tairi na kupinda rimu. Inchi 15 au 16 yenye tairi nene kidogo inafaa zaidi kwa siku za kazi, na tairi zake ni nafuu.

Kuna pia chumvi. Upepo wa bahari haubagui gari la mbio na la mizigo. Osha tumbo la gari kwa maji safi mara kwa mara, na kabla ya kununua gari lililokwisha kukaa Pwani, lipandishe juu ukague kutu kwenye mikono ya sasipenshi, mabomba ya breki na ekzosti.

Ushuru: hesabu inayoamua mapema

Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari la mtumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Kwa hiyo Swift Sport za zamani, ZC31S na ZC32S, utazipata tu zikiwa tayari na namba za Kenya. Za kuagiza ni zile za miaka ya karibuni.

Kisha inakuja KRA, mamlaka ya kodi. Kwa viwango vya mwaka 2025, gari la mtumba hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 35. Baada yake hufuata ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa injini ya petroli isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, na asilimia 25 kwa ya lita 2.0. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na ya maendeleo ya reli ya asilimia 2.

Tuseme KRA imelithamini gari shilingi 1,000,000. Likiwa na injini ya lita 1.5, kodi zote zinafika shilingi 924,200. Likiwa na injini ya lita 2.0 kwa thamani ile ile, zinafika shilingi 1,002,500. Tofauti ni shilingi 78,300, fedha zinazoweza kununua tairi au pedi za breki na kubaki za safari. Na kwa kawaida gari la lita 2.0 la aina hii huanza na thamani kubwa zaidi, hivyo pengo linazidi kupanuka.

Wagombea

Golf GTI ndiyo yenye jina. Kizazi cha saba kina injini ya lita 2.0 yenye turbo na nguvu za farasi 220 kwenda juu. Ni gari tulivu safarini na lenye kasi ya kweli, lakini uzito wake unakaribia kilo 1,400, na gia boksi yake ya klachi mbili inahitaji fundi mwenye kompyuta na ujuzi wake. Polo GTI ya kuanzia 2018 nayo ina injini ya lita 2.0, kwa hiyo inalipa ushuru ule ule wa juu.

Swift Sport ZC33S ilitoka Japani Septemba 2017. Injini yake ni ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu za farasi 140, na ya gia za mkono ina uzito wa kilo 970 tu. Hapo ndipo penye siri yake. Kadiri gari linavyokuwa zito, ndivyo breki zinavyolazimika kumeza joto jingi zaidi kulisimamisha. Kwa mwendo ule ule, Golf GTI huzipa breki zake kazi karibu mara moja na nusu ya ile ya Swift. Tairi, pedi, diski na bushi zote hudumu zaidi kwenye gari jepesi, na dereva hujifunza haraka kwa sababu gari humjibu papo hapo. Kasoro yake ni petroli: kiwanda kinataka yenye oktani ya juu, nayo si kila kituo cha Likoni au Magongo huwa nayo.

Honda Fit RS ya kizazi cha GK5 haina turbo. Injini yake ya lita 1.5 inatoa nguvu za farasi 132, gia za mkono ni sita, na uzito ni takriban kilo 1,050. Japani iliuzwa ikitumia petroli ya kawaida. Tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma hulala kabisa na sakafu ikabaki sawa: seti nzima ya tairi za uwanjani huingia ndani, na Jumatatu huingia magunia ya dukani. Jambo kubwa zaidi ni kwamba Fit za kawaida zimejaa Mombasa. Taa, vioo, milango na sehemu nyingi za sasipenshi utazipata kwa wauza spea bila kuagiza Japani, na fundi wa gereji ya mtaani ameshazifungua mara nyingi.

Zipo nyingine za kutazamwa kwa jicho zuri: Vitz GR Sport ya gia tano za mkono na nguvu za farasi 109, March Nismo S na Demio 15MB zenye nguvu za farasi 116 kila moja. Ni magari ya haki, ila mawili ya mwisho ni adimu, na gari adimu hukaa gereji likingoja kifurushi.

Angalizo moja kwa anayeagiza: Fit RS ilitoka pia na gia boksi ya CVT. Kwa foleni ya Nyali inafaa, lakini uwanjani hupata joto haraka. Soma karatasi ya mnada mstari kwa mstari. Ukiona daraja la R au RA, gari hilo limewahi kugongwa likatengenezwa. Ukiona matundu sakafuni au viti vilivyobadilishwa, huenda lilitumika kwenye mashindano huko lilikotoka. Kwa gari lenye namba za Kenya, tafuta taarifa zake kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Uwanja wenyewe uko wapi?

Kenya haina uwanja mkubwa wa kudumu wa mbio za lami, na Pwani iko mbali na viwanja vidogo vilivyopo. Mchezo ulio karibu na mfuko wa mtu wa kawaida ni autokrosi, ambao hapa nchini huendeshwa zaidi kwenye vumbi na murram. Mashindano ya taifa yana kundi la magari yanayosukumwa na magurudumu mawili yasiyo na turbo na kundi la yenye turbo. Maana yake Fit RS itapambana na wenzake wa kadiri yake, wala haitatupwa mbele ya Subaru zinazosukumwa na magurudumu yote manne. Kwa wanaopenda lami kuna Kiamburing TT katika Kaunti ya Kiambu, ambapo barabara hufungwa na kila gari hupimwa kwa saa. Mombasa Motor Club ni jina kongwe la mchezo huu Pwani, na mlango wa klabu ndio wa kugonga kwanza.

Ukifuata mchezo huko, safari ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ni karibu kilomita 480, na nyingine 480 za kurudi. Gari lako litaendeshwa hadi uwanjani, litashindana, kisha litakurudisha nyumbani ukiwahi kazi. Kwa hiyo gari lisiloharibika ni mali kuliko gari linaloshinda kwa sekunde mbili na kubaki Mtito Andei.

Kabla ya siku ya uwanjani, anza na mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi joto 230 au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Yakichemka, mapovu ya mvuke hutokea ndani ya mabomba na mguu wako unazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Badilisha mafuta yote kila mwaka, na ukiweza tumia DOT 5.1, ambayo mpya hustahimili nyuzi 260. Weka pedi zinazostahimili joto kuliko zile za mjini, oili mpya, na ukague redieta na feni. Ukimaliza mizunguko ya kasi, zunguka mara moja polepole ili breki na injini zipoe kabla ya kuegesha.

Usihamishe kifyonza hewa cha injini kwenda chini ya bampa ukitafuta mlio au hewa baridi. Mvua za Aprili na Mei hufurika barabara nyingi za Kisauni, na injini ikivuta maji hufa hapo hapo.

Jambo la mwisho ni bima. Bima nyingi za magari, hata zile kubwa, huacha nje mashindano na majaribio ya kasi. Soma mkataba wako, au jiandae kubeba hasara mwenyewe.

Hukumu

Mwenye gari moja tu, anayeishi Likoni, Kisauni au Changamwe, anunue Honda Fit RS ya gia za mkono, aiache kwenye urefu wake wa kiwandani, na fedha alizookoa kwenye ushuru azitie kwenye tairi na breki. Mwenye uwezo zaidi, anayejua atakwenda uwanjani mara kwa mara na ana kituo cha uhakika cha petroli ya oktani ya juu, achukue Swift Sport. Golf GTI ni gari zuri kwa mwenye gari la pili la kumbeba siku ya gereji.

Kwa vijana wetu nasema hivi: barabara ya Dongo Kundu ina mama na watoto pembeni yake, na ya Malindi ina bodaboda zisizohesabika. Kasi ina mahali pake. Na kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa pamoja na vilabu vya mchezo huu: tengeni eneo moja la bara, lililozungushiwa ua na lenye gari la wagonjwa, ambapo vijana hawa watajifunza kuendesha kwa kasi bila kumwua mtu. Magari tayari yanashuka bandarini kila wiki. Kilichokosekana ni uwanja.