MBWA WA ZAMU NAYE ANA KIUNO



Zamu anapotembea usiku na mbwa mkubwa, sisi wote tunalala vizuri. Lakini siku moja mbwa huyo anakataa kuruka ndani ya kamio. Zamu anasema: «Mvivu huyu!» na anashika fimbo. Ngoja kwanza! Pengine ni kiuno kinamuuma.

Mgongo wake unafanya kazi namna gani?

Mtu ana mifupa 5 ya kiuno. Mbwa ana 7. Nyuma ya mfupa wa 7 kuna mifupa 3 iliyoshikamana kuwa mmoja, nao umefungwa kwenye nyonga. Basi, kati ya mfupa wa 7 na ule ulioshikamana pako kama bawaba ya mlango. Mbwa akikimbia, miguu ya nyuma ndiyo inasukuma mwili, na nguvu hiyo inapita kwenye bawaba hiyo. Mbwa akiwa na kilo 35 au 40, kazi yake ni kubwa.

Katikati ya mifupa kuna kisahani laini kinachopunguza mshtuko. Kikichakaa, kinatokeza na kubana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, mkiani na kwenye kibofu. Mbwa akiinuka kwa miguu ya nyuma ili aruke juu, nafasi ya mishipa inazidi kuwa ndogo. Ndiyo maana anakataa. Ugonjwa huu unapata hasa mbwa wakubwa, na zaidi mbwa wa uchungaji wa Ujerumani, ambaye walinzi wengi wanamtumia.

Dalili za kuangalia:

— anaamka kwa shida, hataki kuruka wala kupanda ngazi;
— anashusha mkia, analia ukimgusa kiunoni;
— anakokota kucha za miguu ya nyuma;
— mwishowe mkojo unamtoka bila yeye kujua. Hapo usichelewe hata siku moja.

Ufanye nini?

1. Umpumzishe, umpeleke kwa munganga wa nyama.
2. Umwekee ubao wa kupandia kamio.
3. Usimnenepeshe: kila kilo ya bure inabebwa na kiuno.
4. Usimpe dawa za watu. Ibuprofene inaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake.
5. Usimpige. Mbwa mwenye maumivu anauma hata rafiki yake.

Wazazi, mwambieni mtoto asimpande mbwa mgongoni. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda mara moja kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Mbwa hana mdomo wa kusema «kiuno kinaniuma». Wewe zamu, unayetembea naye kila usiku, ndiwe wa kumsemea.

MBWA MZIMA, ZAMU SALAMA!