Usukani na Bawaba Zake

Twasema kila siku ya kuwa fulani ameshika usukani wa shule, au wa nchi, wala hatuoni kosa. Lakini katika jahazi au mashua hakuna mtu ashikaye usukani. Mshika chombo hushika kana, nayo ni ule mti uliochomekwa katika kichwa cha usukani. Usukani wenyewe u majini, nyuma ya fashini, yaani mti usimamao mwisho wa mkuku upande wa tezi. Neno hili asili yake ni Kiarabu, sukkan, na siku hizi limepanda hata katika motokaa, ambamo hamna fashini wala kana. Mimi nataka kueleza kitu kilicho kati ya usukani na fashini, ambacho wasemaji hawakitaji kamwe: bawaba.

Bawaba za usukani zafanana na bawaba za mlango. Kila moja ina sehemu mbili. Ya kwanza ni jino, pini nene ielekeayo chini, lenye mikono miwili ikumbatiayo ubao wa usukani. Ya pili ni pete, ambayo mikono yake hukumbatia fashini. Jino huingia katika pete, na usukani hugeuka kuume na kushoto. Mashua ndogo huwa na jozi mbili. Chombo kikubwa huwa na tatu au zaidi.

Shida yake ni kwamba zakaa chini ya maji. Mwenye mashua kuukuu hukalafati mbao, hupaka rangi, hununua tanga jipya. Bawaba huziacha, kwa kuwa hazionekani. Hata siku moja, wakati wa kusi, jino la chini hukatika. Uzito wote huliangukia la juu, nalo halikawii. Chombo kisicho na usukani huwapa mawimbi ubavu, na abiria waliomo hawakuwa na njia ya kujua hali ya bawaba walipopanda.

Kwamba chuma hushika kutu katika maji ya chumvi, kila mtu ajua. Lisilojulikana sana ni kwamba madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana baharini, moja hulila jingine. Mwaka 1761 Waingereza waliivika manowari yao Alarm mabamba ya shaba nyekundu chini, ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Iliporudi kutoka visiwa vya Karibi na kukaguliwa, misumari ya chuma iliyoshika mabamba ilikuwa imeoza, na mabamba mengine yamebanduka. Lakini misumari michache ilikuwa mizima. Sababu yake ilikuwa ndogo ya kuchekesha: mabamba yaliletwa yamefungwa kwa karatasi ya kahawia, na mahali pengine mafundi hawakuiondoa, basi karatasi ikatenga chuma na shaba. Maji ya bahari hupitisha umeme baina ya madini hayo mawili, na lililo dhaifu, ndilo chuma, huyeyuka kidogo kidogo.

Hapa lugha yetu yatutia hatarini. Neno shaba lachukua shaba nyekundu iliyo safi. Lachukua na shaba njano, iliyochanganywa na zinki. Na wengi huita shaba hata bronzi, iliyochanganywa kwa kawaida na bati. Nilipata kuona mashua ambayo fundi wake aliagizwa parafujo za shaba kwa bawaba mpya za bronzi. Alileta za shaba njano, zinazong'aa vizuri. Hakudanganya, maana shaba alileta. Baada ya miaka michache zilikuwa na rangi ya waridi, na vichwa vyake vilivunjika kwa bisibisi kama kaukau, kwa kuwa bahari huitoa zinki katika shaba njano na kuacha shaba tupu yenye matundu kama sifongo. Basi aagizaye na aseme wazi: bawaba za bronzi, na komeo za bronzi. Kama bawaba ni za chuma kilichovikwa zinki, komeo nazo ziwe hivyo hivyo. Chuma kisichoshika kutu chasifiwa sana, nacho ni chema juu ya maji. Lakini kikifunikwa na ubao wenye maji, pasipo hewa, huliwa kwa siri.

Kazi yenyewe hufanywa chombo kikiwa pwani, kimepandishwa wakati wa bamvua na kuegemezwa kwa gadi. Kabla ya kung'oa chochote, chukua kigezo cha ubao chembamba cha kila bawaba, na vuta uzi kupita katikati ya pete zote. Pete zisipokuwa katika mstari mmoja mnyofu, usukani utakaza, na meno yatalika upesi. Kisha toa komeo za zamani. Utakachokiona ndani ya tundu ndicho kilicho kikubwa kuliko bawaba yenyewe: mti uliokaa na chuma kinachooza huwa mweusi na laini, na komeo mpya haitashika humo. Ukate mpaka ufike kwenye mti mzima, uzibe kwa kigingi cha mti mgumu, ndipo utoboe upya kwa keekee. Badili jozi zote kwa pamoja. Jino jipya juu ya pete iliyolika ni kazi bure.

Jino la chini lifanywe refu kidogo kuliko mengine. Hivyo mtu anayepachika usukani majini hulitafutia hilo pete yake kwanza, wala hahangaiki na yote mara moja. Tena usukani wa mti huelea. Pasipo kizuizi juu ya bawaba moja, wimbi la nyuma litaunyanyua utoke wote.

Mwisho, kipande cha zinki hufungwa juu ya bawaba, ili bahari ikile hicho kwanza. Ni Humphry Davy aliyeonyesha jambo hili mwaka 1824, ingawa manowari alizozikinga ziliota chaza na majani, maana shaba isiyoliwa haiui tena viumbe vya bahari. Zinki hiyo isipakwe rangi. Wengi huipaka, kwa kupenda usafi, na mwaka wa pili huiona nzima wakafurahi.