Shangazi wa Kibaha, baba mdogo wa Kisarawe na kitendawili cha kikokotoo

Leo usinitafute kwenye habari za nani kamfumania nani. Wiki hii nilikwenda kusalimia ndugu Kisarawe na Kibaha, nikarudi na karatasi iliyojaa hesabu. Na mimi hesabu, toka niko fomu tu, si rafiki yangu.

Mchezo ulianzia Kisarawe. Pale ninaye baba mdogo, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu katikati ya mwaka 2019. Nilimkuta kakaa chini ya mfenesi, redio pembeni, anasikiliza habari za Bunge la Dodoma kama kijana anavyosikiliza mpira.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Ukitoka hapa nenda kwa shangazi yako Kibaha. Kanuna. Kila nikimpigia simu ananiambia mimi nilibebwa."

"Ulibebwa na nani tena baba?"

"Na kalenda," akajibu, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Basi nikapanda daladala mpaka Gongo la Mboto, nikatafuta gari la Mbezi, ndipo nikadaka la Kibaha. Jua limeshainama namkuta shangazi Kwa Mfipa, kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaitazama nyumba yake. Nyumba yenyewe imeishia kwenye lenta. Majani yameshaanza kuota kwenye chumba ambacho kingekuwa sebule.

Shangazi alikuwa muuguzi. Alistaafu Januari 2025 akiwa na miaka 60. Yeye na baba mdogo ni tumbo moja. Wote wametumikia Serikali kama miaka 30 hivi, na mishahara yao ya mwisho ilikuwa inakaribiana sana. Lakini siku ya mkupuo, mmoja alijenga nyumba na fremu mbili za duka, mwingine aliishia kwenye lenta. Kulikoni?

HESABU YENYEWE HII HAPA

Usiogope, twende taratibu. Ili nisikuchanganye, tuchukue mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miezi 360, yaani miaka 30 kamili. Mshahara wake wa mwaka ni 12,000,000.

Kwa kanuni ya zamani, ile ya watumishi wa Serikali waliokuwa mfuko wa PSPF, unachukua miezi 360, unaigawa kwa 540, unazidisha kwa mshahara wa mwaka. Unapata 8,000,000. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake, yaani asilimia 50, inazidishwa mara 15.5, unapewa kwa mkupuo. Jumla: 62,000,000. Nusu iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, kila mwezi unapata 333,333. Hapo ndipo alipopita baba mdogo.

Shangazi alipofika dirishani mambo yalikuwa yamebadilika. Miezi yake 360 inagawanywa kwa 580. Pensheni kamili inakuwa 7,448,276. Asilimia 40 ya hiyo ndiyo ya mkupuo, inazidishwa mara 12.5. Jumla: 37,241,379. Kila mwezi anapata 372,414.

Sasa weka kalamu ya pembeni. Mkupuo umepungua kwa shilingi 24,758,621. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa shilingi 39,081. Nikajiuliza swali la kitoto: hiyo nyongeza ya kila mwezi itachukua muda gani kurudisha ule mkupuo uliopungua? Nikagawanya. Miezi 633 na ushei. Yaani miaka 52 na zaidi. Shangazi atafidiwa akiwa na miaka 112!

Nilipomwonyesha, hakucheka. Aliangalia ile lenta akasema, "Basi ndugu yako huyo wa miaka 112 ndiye atakayepaua."

TULIFIKAJE HAPA?

Tusikimbie. Tanzania ilikuwa na mifuko mingi ya pensheni, kila mmoja na kanuni zake. Mwanzoni mwa 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuiunganisha. PSPF, LAPF, GEPF na PPF zikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ulioanza kazi Agosti 1, 2018. NSSF ikaachiwa sekta binafsi. Wazo lenyewe halikuwa baya. Mifuko kugombania wanachama kama makondakta wanavyogombania abiria, nani alikuwa anafaidika?

Moto uliwaka baadaye, kanuni za mafao zilipotoka. Mkupuo ukaandikwa asilimia 25 kwa wote. Waliokuwa na asilimia 50 wakashika vichwa. Maofisini, mashuleni na mahospitalini hakukuwa na stori nyingine. Vyama vya wafanyakazi vikapiga kelele mpaka Desemba 28, 2018, Rais John Magufuli alipokutana nao Ikulu na kuagiza kanuni za zamani ziendelee mpaka 2023. Ndiyo "kalenda" iliyombeba baba mdogo. Angezaliwa miaka mitatu minne mbele, naye angekuwa kakaa kwenye ndoo.

Julai 1, 2022 kikaja kikokotoo kipya baada ya mazungumzo ya Serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri: asilimia 33 ya mkupuo kwa wote. Wale waliotoka mifuko iliyokuwa ikitoa asilimia 25, kama PPF na NSSF, walipanda. Waliotoka asilimia 50 walishuka. Kwa hiyo si kila mtu alilia, na hili tuliseme kwa haki.

Kelele hazikuisha. Juni 2024, Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, akisoma bajeti bungeni Dodoma, akatangaza kwamba waliokuwa asilimia 50 wakashushwa mpaka 33, sasa watapata 40. Waliopandishwa kutoka 25 mpaka 33, watapata 35. Wabunge wakapiga meza. Redio zikatangaza. Shangazi naye, Kibaha, alipiga vigelegele kama wengine.

KUMBE KUNA KILICHOPITA KIMYAKIMYA

Hapa ndipo nataka msomaji wangu ufungue macho yote mawili. Sisi wote tumeimbishwa wimbo wa asilimia. Hamsini, ishirini na tano, thelathini na tatu, arobaini. Mtu akisikia kutoka 50 kwenda 40 anasema, aah, nimepoteza kidogo tu.

Sasa chukua mtumishi wetu yuleyule. Mpe asilimia 40, lakini mwachie kigawio cha zamani cha 540 na ile mara 15.5. Mkupuo wake ungekuwa 49,600,000. Lakini shangazi kapata 37,241,379. Hizo milioni 12 na zaidi hazikuondoka na asilimia. Ziliondoka na namba mbili ambazo kijiweni hakuna anayezitaja: 540 iliyogeuka 580, na 15.5 iliyogeuka 12.5.

Kwa maneno mengine, karibu nusu ya kilichopungua kimebebwa na asilimia, na nusu nyingine imebebwa na namba zilizokaa nyuma ya pazia. Mgeni anaonekana sebuleni, kumbe mwenzake kapita mlango wa uani.

Na bado. Zamani hesabu ilipigwa kwa mshahara wa mwisho. Siku hizi inapigwa kwa wastani wa miaka mitatu yenye mishahara bora ndani ya miaka 10 ya mwisho. Uliyepandishwa daraja miezi sita kabla ya kustaafu, ukaita majirani mkanywa soda, hiyo furaha inagawanywa kwa miaka mitatu.

SERIKALI NAYO INA HOJA

Nisiwe kama yule mpiga debe anayesifia gari bovu. Upande wa pili nao una hesabu zake, na nikizificha nitakuwa nakudanganya.

Mchango wa mtumishi wa umma ni asilimia 20 ya mshahara. Yeye anakatwa 5, mwajiri anaongeza 15. Kwa mshahara wa milioni moja ni 200,000 kwa mwezi. Tujifanye alikuwa na mshahara huo toka siku ya kwanza kazini, jambo ambalo wote tunajua si kweli. Kwa miezi 360 inakuwa 72,000,000. Faida ya uwekezaji tuiweke kando kwanza.

Kanuni ya zamani ilimpa 62,000,000 siku ya kwanza. Zikabaki milioni 10. Kwa 333,333 kila mwezi, milioni 10 zinaisha ndani ya miezi 30. Kuanzia hapo anakula michango ya walioko kazini. Na mstaafu halipwi miezi 30, analipwa mpaka Mungu amchukue. Ukiwa mweka hazina wa kikundi cha kuzikana, unajua mchezo wa namna hii unaishia wapi.

Juu ya hapo kulikuwa na mzigo mwingine. PSPF ilianza mwaka 1999. Kabla ya hapo watumishi wa Serikali walikuwa hawachangii, lakini miaka yao yote ilihesabiwa kwenye mafao. Baba mdogo aliajiriwa 1989. Miaka yake 10 ya mwanzo haikuwa na senti mfukoni, ilikuwa ni ahadi ya Serikali. Ahadi za namna hiyo zilijilimbikiza mpaka mwaka 2021 Serikali ikatoa hati fungani ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kupunguza deni hilo. Kwa hiyo sehemu ya ugonjwa wa mfuko haikuletwa na wastaafu. Ililetwa na mwenye ahadi kuchelewa kulipa.

Tena mkupuo nao una majaribu yake. Baba mdogo aliniambia mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba katika zile fedha zake pikipiki mbili ziliibiwa na kiwanja kimoja kilikuwa kimeshauzwa kwa mtu mwingine. "Mwanangu, mwaka ule nilipata shemeji nisiowajua," akasema. Zilizomwokoa ni zile fremu mbili, kodi yake ndiyo inamsaidia pale pensheni inapoishia tarehe 15.

Lakini nilipomwuliza kama angekubali kubadilishana na dada yake, apunguziwe mkupuo aongezewe zile 39,081 kwa mwezi, alinitazama kama nimetukana.

WABUNGE WALIKUWA WAPI?

Hili swali kaniuliza shangazi na mimi nalitupa kwako. Wabunge walikuwa Dodoma, na sheria waliipitisha wao. Lakini zile namba, 580 na 12.5 na asilimia, zikaja kwenye kanuni, na kanuni zinatungwa na Waziri. Mbunge ananyoosha mkono kupitisha sufuria, supu inakuja kupikwa baadaye.

Ndiyo maana mambo haya hurudi kila Juni, wakati wa bajeti. Na bajeti si jambo la mchezo. Katiba yetu inasema Bunge likiikataa, Rais anaweza kulivunja. Mbunge anayejua atarudi jimboni kuomba kura upya, hawezi kuikataa kirahisi kwa ajili ya lenta ya shangazi yangu. Anachoweza ni kusema, kuuliza, kubana kwenye kamati. Na nyongeza ya 2024 inaonyesha kwamba kelele zinasikika.

Wenzetu duniani nao wanapigania hayahaya. Ufaransa mwaka 2023 ilipopitisha sheria ya kupandisha umri wa kustaafu kutoka 62 kwenda 64, mamilioni waliingia barabarani. Sisi hapa tunanung'unika kwenye daladala halafu tunashuka kituoni.

Na jambo moja watu wa Mailimoja hawalisahau. Bunge likimaliza miaka yake mitano, mbunge analipwa kiinua mgongo chake kwa mkupuo. Hakuna anayemwambia kwamba akipewa fedha nyingi kwa mpigo atazitapanya. Kama mkupuo ni hatari kwa muuguzi wa miaka 60, basi ni hatari kwa kila mtu.

Nami ushauri wangu ni mdogo. Wewe uliye kazini, mwalimu wa Msanga au Maneromango, muuguzi wa Tumbi au Mlandizi, usingoje miaka 59. Chukua karatasi leo. Miezi yako ya kazi, gawanya kwa 580, zidisha kwa mshahara wa mwaka. Ujue kinachokungoja. Hakikisha michango yako imeingia mwezi kwa mwezi, maana mwezi uliorukwa haukumbukwi mpaka siku ya dirishani. Nyumba anza kuijenga kwa tofali moja moja, usiiwekee nadhiri ya mkupuo.

Na mheshimiwa akija kuomba kura, akikutajia asilimia, mpigie makofi. Halafu mwulize: "Na kigawio je, mheshimiwa? Na ile 12.5?" Akibabaika, ujue naye aliimba wimbo tu.

Wakati naondoka Kibaha shangazi alinisindikiza mpaka barabarani. Ananiambia kapata fundi atakayempunguzia bei, ataezeka vyumba viwili kwanza, sebule itangoja. "Mwambie baba yako mdogo," akasema, "sijanuna naye. Nimenuna na kalenda."

Kwa leo naweka kalamu chini. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.