Mafua ya sungura si jambo la kupuuzwa

BARIDI ya Julai inapoingia jijini Nairobi, si binadamu tu wanaopenga kamasi. Katika mitaa mingi utakuta familia inayofuga sungura wawili watatu nyuma ya nyumba au kwenye roshani ya ghorofa, na aghalabu watoto ndio huwa wa kwanza kutambua kwamba mmoja wao anapiga chafya.

Wazazi wengi husema ni mafua tu, yatapita. Wengine, kwa nia njema, hufungua kabati na kutoa kapsuli zilizobaki wakati mtoto alipougua koo. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Mafua ya binadamu huletwa na virusi, na kwa kawaida hupona yenyewe. Ya sungura ni tofauti. Mara nyingi husababishwa na bakteria, hasa wale waitwao Pasteurella multocida. Jina hilo linatokana na Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa ambaye mnamo 1880 alitangaza chanjo ya kipindupindu cha kuku, maradhi yanayoletwa na bakteria hao hao.

Sungura wengi huwabeba puani bila kuugua. Maradhi hulipuka mnyama anapopatwa na shida: safari ndefu, msongamano, lishe duni au kizimba kichafu. Mkojo ukirundikana hutoa gesi ya amonia, ile harufu inayochoma pua. Gesi hiyo huumiza ngozi laini ya ndani ya pua na kuwafungulia bakteria njia. Kwa hivyo, yule anayefunika kizimba kwa karatasi ya nailoni pande zote ili kuzuia baridi, huenda anamdhuru mnyama wake pasipo kujua.

DALILI ZAKE

Kwanza, kagua miguu ya mbele. Sungura hujipangusa pua kwa miguu hiyo, hivyo manyoya ya upande wa ndani yakiwa yameshikamana na kukauka, jua kuna kamasi. Kamasi yenyewe huwa nyeupe au ya manjano. Macho huweza kutoa machozi na usaha. Maradhi yakifika ndani ya sikio, kichwa huinama upande mmoja; yakifika mapafuni, mnyama hupumua kwa shida.

Ikumbukwe kwamba sungura hupumua kwa pua. Ukimwona amefungua mdomo ili apate hewa, au amekataa kula siku nzima, usingoje kesho.

DAWA GANI?

Hili ndilo jambo ambalo kila mzazi na mwanafunzi anayefuga sungura anapaswa kulikariri. Kamwe usimpe sungura amoksilini au ampisilini kwa mdomo. Dawa hizo huwasaidia watu wengi, lakini tumboni mwa sungura huua bakteria wazuri wanaomsaidia kusaga nyasi. Wabaya huchukua nafasi yao na kutoa sumu, mnyama akaharisha na kufa baada ya siku chache. Familia hulia ikidhani mafua ndiyo yaliyomuua, kumbe ni kapsuli.

Zipo dawa za kuua bakteria ambazo sungura anaweza kuzivumilia, lakini ni daktari wa mifugo anayepaswa kuzichagua na kupima kiasi chake kulingana na uzito wa mnyama. Matibabu huweza kuchukua wiki kadhaa, na usikatize dozi eti kwa sababu chafya imekoma. Hata hivyo, sungura wengine hubaki na bakteria na huugua tena. Na kwa wale wanaofuga kwa ajili ya kitoweo, muulize daktari ni siku ngapi zipite kabla ya kumchinja sungura aliyetibiwa.

KINGA

Kinga ni bora kuliko tiba. Ondoa kinyesi na nyasi zilizolowa mkojo kila siku. Inama hadi kichwa chako kiwe sawa na kizimba, kisha uvute pumzi. Ukisikia harufu ya kuchoma, sungura wako anaivuta usiku kucha. Wakati wa baridi, ziba upande ule tu unaopigwa na upepo, na umtandikie nyasi kavu za kutosha.

Ukinunua sungura mpya, mtenge na wenzake kwa muda wa mwezi mmoja. Anayepiga chafya naye atengwe mara moja, na vyombo vyake vya maji na chakula visichanganywe na vya wengine. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwishoni, kisha unawe mikono kwa sabuni. Bakteria hawa huweza kumwingia binadamu kupitia kidonda cha kuumwa au kukwaruzwa, kwa hivyo mtoto akijeruhiwa, osha jeraha bila kuchelewa, na likivimba umpeleke hospitalini.

Chafya moja huenda ikawa ni vumbi la nyasi tu. Lakini chafya zinazoambatana na kamasi zinahitaji daktari wa mifugo, wala si kabati la dawa za nyumbani.