Lampu au transista? Tazama spika kwanza

Mwaka 1985, mhandisi wa Marekani Bob Carver aliwapa changamoto wahariri wa jarida la Stereophile. Aliwaambia wachague ampli yoyote wanayoipenda, naye ndani ya saa 48 ataifanya ampli yake ya transista, ya bei ya kawaida, itoe sauti ileile. Walimletea ampli ya lampu ya bei kali. Carver alikaa akipima tofauti kati ya mawimbi ya ampli hizo mbili na kuipunguza hatua kwa hatua. Muda ulipofika, wahariri walisikiliza na kushindwa kuzitofautisha.

Hadi leo wapenzi wa muziki wanabishana juu ya tukio hilo, kwani linagusa mfuko. Mtu aliyekwisha toa maelfu ya dola kwa spika mbili, au bafle kama wengi wanavyoziita Lubumbashi na Goma, hataki kukosea ampli.

Tatizo ni kwamba wengi huanza na ampli, wakati jibu liko kwenye spika. Chukua Klipschorn, spika kubwa ya pembeni iliyobuniwa na Paul Klipsch huko Arkansas katika miaka ya 1940. Kwa wati 1 tu inatoa takriban desibeli 105, ikipimwa umbali wa mita 1. Chukua pia LS3/5A, spika ndogo ya BBC ya miaka ya 1970, ambayo kwa wati hiyohiyo inatoa takriban 83. Kila desibeli 3 za ziada zinadai nguvu mara mbili. Kwa hiyo ili LS3/5A ipige kwa kishindo kile ambacho Klipschorn inakipata kwa wati 1, ingehitaji zaidi ya wati 100, na haistahimili nguvu hizo. Ampli ya lampu moja ya 300B kwa kila upande, yenye wati kama 8, inaitosha Klipschorn na kubaki. Kwa spika nzito ya kisasa wati hizo 8 zitaishiwa pumzi ngoma zikianza.

Wati si mwisho wa hesabu. Spika haina ukinzani mmoja: ikiandikwa omu 8, inaweza kushuka hadi 3 kwenye besi na kupanda hadi 30 mahali pengine. Ampli nzuri ya transista haijali sana, maana ukinzani wake wa ndani ni sehemu ndogo ya omu moja. Ampli ya lampu yenyewe inaweza kuwa na omu 2 au 3. Hapo sauti hupanda na kushuka ikifuata umbo la spika, na gitaa la besi la rumba linaweza kuwa nene kupita kiasi, bila kukatika vizuri. Wengine huuita huo utamu wa lampu. Mara nyingi ni spika na ampli zinavutana, na kwa spika nyingine mvutano huo unapendeza kweli.

Lampu ina sifa yake pia: ikizidiwa, hupotosha sauti polepole, wakati transista nyingi hukata wimbi ghafla, na sikio huchoka.

Kisha kuna gharama ya kuitunza. Lampu za nguvu hudumu saa elfu kadhaa tu. Machi 2022 kiwanda cha Saratov, Urusi, kinachotengeneza lampu za Sovtek na Electro-Harmonix, kilizuiliwa kwa muda kuuza nje, na wanunuzi duniani wakakimbilia JJ ya Slovakia na viwanda vya China.

Kwa anayeishi mahali umeme unapopanda na kushuka, hilo ni jambo zito. Umeme ukizidi, nyuzi za lampu huungua mapema. Wenye betri za sola nao wajue kwamba ampli ya lampu ya daraja A hula umeme uleule, muziki uwe juu au chini.

Mnunuzi mwangalifu hubeba spika zake hadi dukani, au humwomba muuzaji mchoro wa ukinzani wake, kabla ya kulipa. Na akinunua ampli ya lampu iliyotumika, asiifungue mwenyewe: ndani mna volti 300 na zaidi, na kondensa zake zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.