Mashahidi Walio Chini ya Mawe

Wasomaji wetu wakaao Meru waujua mto Usa, ushukao katika miteremko ya mlima ule wa mita 4,566, ukapita penye mji uitwao kwa jina lake, kando ya barabara ya Arusha na Moshi. Kutoka huko maji yake huingia mto Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani, hata bahari ya Hindi. Njiani ng'ombe hunywa, nguo hufuliwa, na mashamba ya kahawa, mboga na maua hunyweshwa. Basi akaaye chini atajuaje yaliyotendwa na akaaye juu?

Wengi watajibu: tujaze chupa tuipeleke kwa wapimaji. Ni vema, walakini chupa hutoa habari za saa ile tu iliyojazwa. Dawa ya shamba ikiingia mtoni usiku wa Jumamosi, Jumatatu imekwisha kupita. Lakini mdudu aliyeanguliwa chini ya jiwe hukaa papo hapo wiki nyingi, pengine miezi. Akifa, pahali pake huwa patupu, na utupu huo wasomeka.

Bibi Lulu Kaaya alijifunza kuusoma. Alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alichunguza mito ya mabonde ya Pangani, Rufiji na Wami-Ruvu, na kitabu cha uchunguzi wake kilitimia mwaka 2014. Mwaka 2015 yeye pamoja na Jenny Day na Helen Dallas wakatangaza njia ya kupima mito ya Tanzania kwa viumbe wake wadogo, iitwayo TARISS. Waliifuatisha njia ya Afrika ya Kusini, wakaigeuza ifae huku.

Mpimaji huingia mtoni na wavu, akakoroga mawe kwa miguu ili maji yawachukue wadudu wavuni. Hupitisha wavu katika majani ya ukingoni pia, na katika mchanga na matope. Kisha humwaga vyote katika sinia nyeupe, atazame ni jamaa zipi zilizomo. Kila jamaa ina alama yake. Zisizostahimili uchafu zina alama kubwa. Alama hujumlishwa, na jumla hugawanywa kwa hesabu ya jamaa zilizoonekana.

Wadudu wenyewe ni wa ajabu. Yuko mwenye mikia mitatu myembamba, ambaye akisha kuota mabawa hali kitu tena, bali hutaga na kufa kwa siku moja au mbili. Yuko fundi ajijengeaye nyumba ya punje za mchanga na vijiti, akiziunga kwa uzi wa hariri utokao kinywani mwake. Wengi wa jamaa hizi wapenda maji baridi yaendayo mbio, yenye hewa nyingi. Upande wa pili yuko funza mwekundu, mwenye rangi ile ile ishikayo hewa katika damu yetu, hata aweza kuishi katika matope yaliyokosa hewa. Na yuko buu mwenye mkia mrefu kama wa panya, auinuaye juu ya maji avute pumzi. Mto wenye hawa wawili peke yao ni mgonjwa.

Lakini angalieni, ninyi mlio na watoto: sinia yenye wadudu wazuri si ruhusa ya kunywa. Haionyeshi vijidudu vya kuhara. Wala haipimi fluoridi, madini yatokayo katika mawe ya mlima wetu wa moto, ambayo hutia meno rangi ya kahawia na, yakizidi sana, hupindisha mifupa. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na maji mengi ya Meru yapita hapo. Kuchemsha huua vijidudu, fluoridi hakuiondoi. Kwa hayo chupa ya wapimaji yahitajika bado.

Mwalimu atakaye kujaribu na wanafunzi wake na achague pahali pawili, juu ya mji na chini yake, penye mawe na mwendo wa maji uliofanana, nyakati za kiangazi maji yakiwa haba. Wakisha kuhesabu, wawarudishe wadudu majini kabla sinia haijapata moto juani.